Kujiamini kulikuja baada ya daftari la shangazi

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu ajira anasema vijana tunakosa kazi kwa sababu hatujiamini. Nusu kweli, ndugu yangu. Nimemaliza chuo 2019, nimezunguka na bahasha ya kaki mpaka soli zikaisha. Usaili wa tatu, Dodoma, nilishakata tamaa tangu ndani ya basi. Nilipoulizwa "jieleze", hata jina langu lilitoka kwa kutetemeka. Wale wazee wa paneli waliniona mapema.

Kilichonibadilisha si semina za kuhamasishana. Shangazi ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, akanipa daftari la madeni nilinyooshe. Miezi minne nikajua nani anadaiwa nini, saruji ipi inatoka. Usaili uliofuata nilikuwa na la kusimulia, na sauti ikakaa yenyewe.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba mtu huamini anaweza hasa kwa sababu amewahi kufanya akaweza. Maneno ya kutiwa moyo huja nyuma. Kwa hiyo wanaotaka uzoefu wa miaka mitatu kwa mhitimu wa jana, nao waguswe kwenye makala yake ijayo. Pamoja na nauli za usaili, maana hizo nilikopa.