Haja Iliyonishika Chopta

Nilipokuwa mwanafunzi Dehradun, kaskazini mwa India, wenzangu wanne walinishawishi tuchange fedha twende kuangalia ndege katika misitu ya Chopta, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, kwenye kimo cha takriban mita 2,700. Mimi mzaliwa wa Muheza niliona ni kichekesho kupanda mlima wenye baridi kumfuata ndege ambaye hatutamla, lakini sikutaka kuonekana bahili.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa huko huko, mpole, asiyesema ila kwa kunong'ona. Tulipopita Rudraprayag alitusimulia jinsi mwindaji Jim Corbett alivyomuua chui mla watu karibu na mji huo mwaka 1926, kisha akaongeza, kwa utulivu ambao sikuupenda, kwamba chui bado wamo msituni. Usiku ule niliutuliza moyo kwa sahani tatu za wali na maharage mekundu.

Alfajiri tulijibanza chini ya miti ya burans iliyojaa maua mekundu, tukimngoja monali dume, ndege wa jamii moja na kuku, ambaye wenyeji wa Nepal wamemfanya ndege wao wa taifa. Baada ya saa nzima ya kutokohoa, maharage yalidai haki yao. Nilimnong'oneza kiongozi, "Kaka, nimeshikwa." Akanionyesha gogo lililoanguka bondeni, akasema kitu kwa Kihindi ambacho ndani yake nilinasa neno moja tu: "bichhu". Neno hilo nilikuwa nalijua, ni nge. Basi nikafika pale, nikapindua kila jiwe, nikachungulia chini ya gogo, na nilipojiridhisha kwamba hapakuwa na nge hata mmoja, nikateremsha suruali na kuchuchumaa katikati ya majani mabichi mazuri.

Sisi tuliokulia Tanga tunaujua upupu. Shuleni tuliwahi kumwekea mwenzetu kwenye dawati, Mungu atusamehe. Lakini upupu huwasha, ilhali kile kilichonipata kilichoma, kana kwamba nimekalia jiko la mkaa. Nilikuwa ndiyo kwanza nainuka nipige yowe, nikamwona kiongozi kule juu amenyoosha kiganja: usitikisike!

Monali alikuwa ametua baina yetu, hatua sita kutoka usoni pangu. Wenzangu walimwona kwa darubini. Mimi nilihesabu manyoya ya kishungi chake. Shingo yake ilimeremeta kama mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya maji, kijani ikigeuka shaba, shaba ikigeuka zambarau, naye akifukua udongo kwa mdomo taratibu, bila haraka yoyote, akitafuta mizizi, huku mimi nikitokwa na machozi ambayo wenzangu baadaye waliyadhania kuwa ya furaha. Alifukua kwa dakika kumi na mbili. Aliporuka, akionyesha lile baka jeupe la mgongoni, nilitamka kwa Kibondei maneno ambayo bibi yangu alinikataza.

Picha nzuri kuliko zote inamwonyesha ndege huyo katika fahari yake yote na, nyuma yake, juu ya gogo, kichwa cha mtu aliyeachama.

Jioni mama mwenye nyumba alituandalia wali na mboga nzito ya kijani iliyonikumbusha kisamvu cha nyumbani. Nilipoisifu, kiongozi alinieleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo bichhu ghas, yaani jani la nge, ambalo likichemshwa huacha kuchoma, na kwamba asubuhi alikuwa amenionya nisilikaribie. Niliomba niongezewe.

"Mwanangu," mama akauliza, akinipa sahani ya pili, "mbona unakula umesimama?"