Magari ya Wazi ya Havana: Anayepanda na Anayebaki Kituoni

Kila asubuhi, kandokando ya Parque Central katikati ya jiji la Havana, hupangwa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yasiyo na paa. Kuna Chevrolet, Buick, Ford na Pontiac, moja la rangi ya waridi, jingine samawati, jingine jekundu la kung'aa, na kila moja lina dereva anayelipitishia kitambaa kikavu mara kwa mara, kwa kuwa vumbi la mjini na chumvi ya bahari havimpi nafasi ya kupumzika. Mtalii hupatana bei, huketi kwenye kiti cha nyuma kilichovikwa ngozi mpya, na kwa muda wa saa moja huzungushwa jijini. Hupitishwa mbele ya Capitolio, jengo la bunge lililokamilika mwaka 1929. Hufuata Malecón, barabara ya ukingo wa bahari yenye urefu wa kilomita zipatazo 8. Huonyeshwa Hotel Nacional iliyofunguliwa mwaka 1930. Hushushwa kwa dakika chache kwenye Uwanja wa Mapinduzi. Na dereva akiridhika na malipo, humvusha chini ya bandari kwa handaki la mwaka 1958 hadi upande wa ngome ya Morro.

Kuhusu matembezi haya pamekuwa na ubishi wa muda mrefu. Wapo wanaosema kwamba ni njia ya kuyafanya mapambo matatizo ya watu, kwamba mgeni hulipia raha ya kukalia kitu ambacho mwenyeji amebaki nacho kwa sababu tu hakuwa na uwezo wa kupata kingine. Wapo wanaojibu kwamba hiyo ni riziki halali, tena miongoni mwa riziki chache nchini Kuba zinazomlipa fundi na dereva thamani inayokaribia kazi yao. Naziheshimu hoja zote mbili, na nitaonyesha zilipo na uzito. Hata hivyo, naamini lipo jambo la tatu ambalo halipewi nafasi ya kutosha, nalo ni kwamba gari hilo, kabla ya kuwa kivutio, lilikuwa chombo cha kumfikisha mtu kazini.

Tuanze na sababu ya magari haya kuwapo mpaka leo, kwa kuwa hadithi inayosimuliwa kwa wageni ni nusu tu ya ukweli. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1959, Kuba ilikuwa soko zuri la viwanda vya magari vya Marekani. Baada ya mapinduzi uingizaji wa magari ulibanwa, na mwezi Februari 1962 Marekani ikakamilisha vikwazo vyake vya kibiashara dhidi ya kisiwa hicho, hivyo magari mapya na vipuri kutoka huko vikakoma. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba hadi mwaka 2011 sheria ya Kuba iliwaruhusu wananchi kuuziana kwa uhuru magari yaliyokuwamo nchini kabla ya mapinduzi pekee. Lada na Moskvich zilizokuja baadaye kutoka Umoja wa Kisovieti ziligawiwa na serikali, na aliyegawiwa hakuwa na haki ya kuiuza atakavyo. Kwa maana hiyo, Chevrolet ya mwaka 1955 ilikuwa mojawapo ya mali chache za thamani ambazo Mkuba aliweza kuzimiliki kikamilifu, kuziuza, na kuwarithisha watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2014, serikali ilipofungua kwa wote mauzo ya magari katika maduka yake, Peugeot 508 mpya iliwekewa bei ya takriban dola 262,000. Mtu aliyeiona bei hiyo alirudi nyumbani na kulitazama gari la babu yake kwa jicho jingine.

Magari hayo, basi, hayakutunzwa kwa ajili ya kumbukumbu ya enzi iliyopita. Yalitunzwa kwa sababu yalikuwa mali, na aliyeyafanya yaendelee kuwa mali ni fundi. Ukifunua boneti ya gari hizo, mara nyingi hutaikuta ile injini kubwa ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, kwa kuwa hakuna dereva wa Havana anayeweza kuilisha. Utakuta injini ya dizeli ya Toyota, ya Hyundai, ya Mercedes, au iliyotolewa katika gari la Kirusi, imefungwa kwa vishikizo vilivyokatwa na kuchomewa na fundi mwenyewe. Gia boksi huenda imetoka kwenye gari la tatu, na sehemu za breki zimechongwa kwenye mashine kwa kufuata kipande cha zamani kilicholika. Anayelitazama kwa nje anaiona Detroit, mji wa viwanda vya magari wa Marekani, ya mwaka 1957, lakini anayelisikiliza likiwashwa anasikia mngurumo wa lori. Msomaji aliyewahi kusimama katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, akamwona fundi akilazimisha kifaa cha gari moja kikubali kwenye gari jingine, ataelewa mara moja kinachozungumzwa hapa, na ataelewa pia kwa nini ujuzi wa namna hiyo hauwezi kuitwa ubahatishaji.

Hapo ndipo hoja ya watetezi ina nguvu kuliko inavyosemwa. Katikati ya miaka ya 2010, mshahara wa wastani wa mtumishi wa serikali nchini Kuba ulikuwa chini ya dola 30 kwa mwezi. Hata baada ya nyongeza ya mwaka 2014, daktari bingwa alipata chini ya dola 70 kwa mwezi, na Wakenya waliowapokea madaktari 100 wa Kikuba mwaka 2018 wanaweza kuelewa sehemu ya sababu iliyowafanya watu hao wakubali kuacha familia zao na kuvuka bahari. Wakati huohuo, saa moja ya kumzungusha mgeni katika gari la wazi ilitozwa dola 30 hadi 50. Kweli, fedha hizo hazikuingia zote mfukoni mwa dereva, kwa kuwa kuna kodi, kuna leseni, kuna dizeli, na mara nyingi gari ni la mtu mwingine anayedai hesabu yake kila jioni, kama wenye daladala na matatu wanavyodai kwetu. Hata baada ya makato hayo, aliyebakiwa na sehemu ndogo tu bado alikuwa amempita mwalimu. Fundi aliyelipwa na dereva huyo naye alikuwa na sababu ya kumfundisha kijana wake kuchonga chuma.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba safari hii inamdhalilisha mwenyeji. Mtu aliyelifufua gari lililokuwa chuma chakavu, akalipaka rangi aliyoichagua, akasimama kando yake akiwa amevaa kofia na shati safi, haoni haya kwa kazi yake, na anayemwambia kwamba anapaswa kuona haya anamvunjia heshima kuliko mtalii mwenye kamera. Ninachokubali katika lawama yao ni jambo jingine, nalo ni kwamba kiti cha nyuma cha gari la wazi huonyesha jiji bila kulieleza. Habana Vieja, yaani sehemu kongwe ya jiji, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1982, na hatua chache kutoka kwenye majengo yaliyokarabatiwa kuna nyumba zenye nyufa ambamo familia zimetegemeza dari kwa magogo. Gari hupita pande zote mbili kwa mwendo uleule na muziki uleule.

Mfano ulio karibu nasi upo katika Uwanja wa Mapinduzi, ambapo magari husimama ili wageni wapige picha mbele ya uso wa mwanamapinduzi Che Guevara uliofinyangwa kwa chuma na kuwekwa mwaka 1993 kwenye ukuta wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Dakika kumi, kisha safari inaendelea. Mtu aliyetoka Kigoma angekuwa na mengi ya kuuliza hapo, kwa kuwa mwaka 1965 Che huyohuyo alivuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo kupigana upande wa waasi, akitumia jina la Kiswahili, Tatu, akiwa na wenzake walioitwa Moja na Mbili, na baada ya mapambano yale kushindwa alikaa kwa miezi kadhaa amejificha katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam. Hilo ni somo zima la historia ya Afrika, ila halitoshei katika dakika kumi, na ratiba ya saa moja haimwachii dereva nafasi ya kulieleza hata kama analijua.

Sasa niligeukie jambo ninaloliona kuwa zito zaidi. Wakuba wana jina lao kwa magari haya ya zamani, almendrón, linalotokana na umbo la mviringo linalofanana na lozi kubwa. Kwa miaka mingi almendrón imekuwa teksi ya pamoja yenye njia maalumu, inayobeba watu wasiojuana, kila mmoja akilipa nauli yake na kushuka anapotaka. Ni daladala kwa kila namna isipokuwa umbo. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, mafuta na mabasi vilipungua kiasi kwamba Havana ililazimika kutumia matela makubwa yaliyovutwa na lori, yakaitwa ngamia kwa sababu ya nundu zake, na watu walishindiliwa humo kwa mamia. Gari la miaka ya 1950 lenye viti viwili virefu, watu watatu mbele na watatu nyuma, lilikuwa ahueni kubwa kwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku.

Mtalii alipoongezeka, hesabu ikabadilika. Saa moja na wageni wawili ililipa zaidi ya safari nyingi za kwenda na kurudi kwenye njia ya wenyeji, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu mmoja mmoja aliyeifuata hesabu hiyo. Lakini matokeo yake kwa jumla ni kwamba kila gari zuri lililoondoka njiani kwenda Parque Central lilipunguza viti kwa wale wanaosubiri kando ya barabara. Yule muuguzi alibaki kituoni, akalitazama gari lililokuwa likimbeba likipita na watu wawili.

Ubaya zaidi ni kwamba gari hilo lilibadilishwa mwili. Magari mengi ya wazi yanayoonekana Havana hayakutoka kiwandani yakiwa wazi, bali yalikuwa ya paa la chuma ambalo lilikatwa kwa sababu mgeni analipenda gari la wazi na analilipia zaidi. Paa na nguzo zake ni sehemu ya uimara wa bodi, kwa hiyo likiondolewa fundi hulazimika kuongeza vyuma chini ya sakafu ili milango isije ikagoma kufunga, na anayeketi humo, mara nyingi bila mkanda wa usalama, ana kinga ndogo kuliko abiria wa mwaka 1955. Nashangazwa na wanaoyaita magari haya urithi bila kuutaja msumeno. Gari lililodumu miaka sitini likiwa zima, likapita katika vikwazo na njaa ya mafuta, limekatwa ili lifanane zaidi na picha ya wakati wake.

Na soko la picha hiyo halina uhakika. Mwezi Mei 2016, meli ya kwanza ya kitalii kutoka Marekani baada ya takriban miaka arobaini ilitia nanga Havana, na kazi ya magari ya wazi ikapanda. Mwezi Juni 2019 serikali ya Marekani ikazipiga marufuku meli hizo, ikafuatia korona, na watalii waliokuwa wamefikia milioni 4.7 mwaka 2018 walikuwa takriban milioni 2.2 tu mwaka 2024. Mwezi Machi 2024 petroli ya kawaida ilipandishwa kutoka peso 25 hadi 132 kwa lita, na mwezi Oktoba mwaka huohuo gridi ya umeme ya taifa ikaanguka, nchi nzima ikawa gizani. Dereva aliyebaki na gari lenye paa angeweza angalau kurudi kwenye njia ya wenyeji na kubeba abiria jua likiwaka au mvua ikinyesha. Aliyekata paa hana wepesi huo, kwani turubai halimkingi mtu na mvua za Karibi, na abiria anayekwenda kazini hataki kufika amelowa.

Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kuba ilianza kuzitenganisha leseni za usafiri binafsi mjini Havana, wanaofuata njia maalumu kwa nauli iliyopangwa wakapewa mafuta kwa bei nafuu, na magari ya kihistoria yanayohudumia wageni yakawekwa katika kundi lake. Madereva wengi waliupokea mpango huo kwa mashaka, na upungufu wa mafuta umeudhoofisha. Hata hivyo, naona ndio mwelekeo unaofaa, kwa sababu unalitambua gari la wazi kuwa biashara ya utalii inayopaswa kulipia nafasi yake, na wakati huohuo unampa mwenye gari la paa sababu ya kubaki njiani. Ningependa uongezewe kipengele kimoja cha kuzuia ukataji wa mapaa yaliyobaki, kwa kuwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, ya magari ya Kimarekani yapatayo 60,000 nchini kote, hayawezi kuongezeka hata kwa moja.

Kwa anayekwenda kutembea, simwambii asipande. Ningemwomba achague safari ya saa mbili badala ya moja, ashuke na kutembea kwa miguu Habana Vieja, na siku nyingine apande almendrón ya pamoja kwa nauli ya wenyeji, ikiwa kuna nafasi na hamzuii aliyetangulia kwenye foleni. Na gari la wazi likisimama Malecón kwa ajili ya picha, amwombe dereva afunue boneti na amweleze nani alichonga nini.