Simu Inayokatakata Haiponi kwa Kifurushi Kikubwa

Hapa Mbeya ukilalamika kwamba ukipiga simu kwa Wi-Fi ya nyumbani sauti inakatakata, jibu ni lile lile: ongeza kifurushi. Muuzaji atakwambia hivyo, fundi hivyo hivyo, na jirani naye atatia chumvi. Nalipinga jibu hilo kwa sababu linawatoa watu hela kwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Sauti inakula data kidogo mno. Hata mfumo wa zamani wa kuisafirisha, G.711, unahitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha mzigo wa njiani bado haufiki 100. Opus, unaotumiwa na programu nyingi za sasa, huridhika na pungufu ya hapo. Mwenye megabiti 5 kwa sekunde, yaani kilobiti 5,000, ana nafasi tele. Anachokosa ni utulivu. Sauti husafiri kwa vipande, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kipande kikichelewa mno programu inakitupa. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana hapo, watu wanaanza kukatizana maneno.

Kwa hiyo anzeni kupima ndani ya nyumba. Kaa na kompyuta pale pale unapopigia simu, ipigie ruta yenyewe ping, yaani amri ya kompyuta inayotuma ujumbe mdogo na kupima jibu linarudi baada ya muda gani (anwani ya ruta mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko chini yake), uiache iendelee dakika kadhaa. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache bila kuyumba, Wi-Fi ni nzima. Yakiruka hadi 200, au mengine yasirudi kabisa, tatizo liko kati yako na ruta, na hakuna kifurushi kitakacholiondoa.

Na kwetu huku liko hapo mara nyingi. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na mawimbi ya gigahezi 5 yanachoka haraka kwenye kuta hizo. Ya gigahezi 2.4 yanapenya vizuri zaidi, ila huko ndiko zimejaa ruta za majirani, na maikrowevu ikiwashwa inayavuruga. Ukibaki huko, chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani.

Ruta za laini, zile zinazotiwa laini ya simu, ndizo zinazonisumbua zaidi. Zinataka dirisha linalotazama mnara, basi zinawekwa kwenye kona ya sebule, huku bibi anapokea simu ya mjukuu chumba cha mwisho, kuta tatu katikati. Ukiihamishia ruta katikati ya nyumba, inapoteza mnara. Dawa yake ni waya: iache ruta dirishani, vuta waya wa mtandao hadi ukumbini, weka kifaa cha pili cha Wi-Fi huko. Waya wa mita 15 unalipiwa mara moja tu. Kifurushi kikubwa utakilipia kila mwezi.

Kuna na foleni. Simu ya mtu mmoja sebuleni ikianza kupandisha picha na video zake kuhifadhiwa mtandaoni, njia ya kutokea inajaa, na sauti yako inakwama nyuma kama bodaboda nyuma ya malori ya Tunduma asiye na pa kupenyea. Pima hivi: piga ping 8.8.8.8 (anwani ya Google, nje ya nyumba yako) nyumba ikiwa tulivu, kisha pandisha video. Milisekunde 40 zikigeuka 600, umempata mchawi. Zima upandishaji huo unaojiendesha wenyewe hadi usiku. Kama ruta inaruhusu, punguza kasi ya kupandisha iwe chini kidogo ya kasi halisi ya laini, na sauti ipewe kipaumbele.

Ruta ikiwa inajibu vizuri, hakuna mwingine anayetumia mtandao, na bado ping ya nje inayumba, hapo ndipo umpigie mtoa huduma. Msomee namba zote mbili, ya ruta na ya nje, na saa ulizopima. Akianza tena habari ya kuongeza kifurushi, mwombe akuunganishe na fundi wa mtandao.