Msiniambie Maji Ni Salama, Nionyesheni Vipimo

Jana asubuhi nilifungua bomba nijaze birika, yakatoka maji ya rangi ya chai. Nikayaacha yatiririke mpaka yakatakata, nikakinga glasi moja na kuiweka dirishani. Kufika jioni, kutu laini kama unga ilikuwa imetulia chini. Nikapiga simu ofisi ya maji. Jibu: "Maji ni salama, chemsha tu."

Hiyo "chemsha tu" ndiyo imenikera. Kuchemsha kunaua vijidudu, nakubali, nami nitaendelea kuchemsha. Lakini moto hauondoi madini ya risasi wala naitreti, ile chumvi itokayo kwenye mbolea na majitaka. Maji yanapopungua kwa mvuke, sumu hiyo inabaki sufuriani na kukolea zaidi. Mama anayemkorogea mtoto mchanga maziwa kwa maji hayo atakuwa ametii ushauri wote aliopewa, na bado atakuwa anamdhuru mwanawe!

Mtamboni yanakosafishwa, maji yanaweza kuwa safi kabisa. Tatizo ni safari ya kuja huku. Yakikatwa, presha inashuka, na bomba lenye ufa linanyonya majitaka yaliyolizunguka. Yakirudi, anayeamka mapema ndiye anayeyanywa.

Mwaka 2000, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia katika kisima cha mji mdogo wa Walkerton, Kanada. Klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, haikutosha. Waliokabidhiwa kazi ya kuipima walikuwa wamezoea kuandika daftarini tarakimu ambazo hawakuzipima. Watu walipoanza kuharisha damu, idara ya afya iliipigia simu ofisi ya maji, ikaambiwa maji hayana neno. Walikufa watu 7, wakaugua zaidi ya 2,300, katika mji wa watu wapatao 5,000. Kila nikiambiwa "ni salama" bila tarakimu, naiwaza ile simu ya Walkerton.

Na Flint, Marekani? Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji ya mji kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma. Watoto wakaendelea kuyanywa kwa mwaka mzima, pamoja na risasi iliyotoka kwenye mabomba.

Najua mji mdogo una mafundi wachache na mabomba ya zamani. Sawa, kubadilisha mabomba kunahitaji fedha nyingi na muda. Kupima klorini hakuhitaji hivyo: unakinga maji kidogo, unatia kidonge, yanageuka ya waridi, unalinganisha rangi. Ni dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochotea. Pale anapochotea, si mtamboni.

Risasi inahitaji maabara, basi sampuli zipelekwe, na majibu yabandikwe ukutani kila mwezi, mtaa kwa mtaa, hata yakiwa mabaya. Waanzie huku kwetu mwisho wa laini, alfajiri, maji yanaporudi baada ya kukatika. Nitawafungulia mlango.