Mwanasaikolojia wa shule: cheo kwanza au chumba kwanza?

Katika shule moja ya bweni niliyofundisha, ofisi ya ushauri nasaha ilikuwa pia stoo ya michezo. Mwanafunzi mwenye shida aliketi kwenye benchi, katikati ya nyavu za voliboli na mipira iliyoishiwa upepo, na haikupita dakika kumi bila mtu kubisha: "Samahani mwalimu, nachukua jezi." Mshauri mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kemia mwenye vipindi 27 kwa wiki, na kila Alhamisi jioni alikaa kwenye kamati ya nidhamu. Namkumbuka msichana wa Kidato cha Pili aliyemwambia Jumatatu kwamba usingizi humpaa usiku, hutoka bwenini akakae nje mpaka kupambazuke. Alhamisi akaitwa mbele ya kamati kujibu shtaka la kutoka bwenini usiku. Labda mwalimu alisema, labda alisikia mmoja wa wale wa jezi. Vyovyote vile, msichana hakukanyaga tena stoo ile, na wenzake nao wakaadimika.

Kisa hicho hunirudia kila mjadala unapozuka Kenya wa kumtambua rasmi mwanasaikolojia wa shule, yaani mtaalamu aliyesomea kupima na kusaidia matatizo ya mtoto ya kujifunza na ya moyoni: awe na cheo chake katika orodha ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), mshahara wake, na kazi ambayo sheria inaijua kwa jina. Mjadala huu una msimu wake. Huanza bweni linapoungua. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Mwaka 2017 wasichana 10 wakafa Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 ikawa Hillside Endarasha, Nyeri, watoto 21. Mioto hii haikuwa na chanzo kimoja, na ni dhuluma kuibandika yote kwenye vichwa vya wanafunzi. Lakini matanga hayajaisha utasikia mtu anauliza: washauri wako wapi?

Wapo, tena wapo kitambo. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha uelekezaji na ushauri mwaka 1971. Viboko vikapigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza marufuku hiyo, na kila mahali ikahubiriwa kwamba pengo la kiboko litazibwa na ushauri nasaha. Nani wa kuliziba? Mwalimu yuleyule. Ijumaa ameshika fimbo, Jumatatu ameambiwa asikilize kwa upole, na katikati hapo hakuna aliyemfundisha kusikiliza.

Kisha ikaja Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, inayodai usajili na leseni kwa anayefanya kazi hiyo. Hapo ndipo penye kioja. Kwa upande mmoja serikali inasema kazi hii ni taaluma, asiijaribu asiyesajiliwa. Kwa upande wa pili shule zake zinamkabidhi kazi hiyohiyo mwalimu wa Kemia, pamoja na funguo za stoo.

Wanaotaka cheo wana hoja nzito, na kubwa kwangu si moto. Ni yule mtoto wa Gredi ya 4 anayekaa nyuma, hasomi, haandiki, na kila mtu amekwisha kukubaliana kuwa ni mzito. Huenda hasikii vizuri. Huenda ana disleksia, herufi zinamchezea. Huenda ana njaa. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 hana namna ya kutenganisha haya matatu, ila mtu aliyesomea kupima anaweza. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto, EARC, tangu 1984, lakini mzazi wa kijijini kukifikia ni nauli na siku nzima ya kibarua. Hoja ya pili ni leseni. Mwanasaikolojia akitoboa siri, kuna bodi ya kumshtaki. Mwalimu wa Kemia akiitoboa, unampeleka wapi?

Na siri si jambo dogo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na Mahakama Kuu haikukibatilisha mpaka Januari 2025. Maana yake, kwa miaka yote hiyo mtoto aliyekuja kusema "nilijaribu" alikuwa, kisheria, anakiri kosa. Ndiyo sababu siwalaumu sana walionyamaza.

Upande wa pili huanza na fedha, nami sitakaa sana hapo kwa kuwa hesabu iko wazi. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500. Kenya ina shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, na TSC bado inahangaika kujaza nafasi za walimu wa kawaida. Wapo pia wanaosema kasisi na wazazi wanatosha. Kasisi mzuri ni neema, ila hapimi disleksia.

Hoja ninayoiogopa mimi ni nyingine: cheo huleta mamlaka ya kubandika majina. Huko California, wanasaikolojia wa shule walikuwa na vyeo na vipimo vyao vya akili, na vipimo hivyo viliwasukuma watoto weusi, kupita kiasi, kwenye madarasa ya walioitwa wenye upungufu wa akili. Katika kesi iliyopewa jina la mmoja wa watoto hao, Larry P., mwaka 1979, jaji wa shirikisho alipiga marufuku matumizi hayo. Cha kuvutia ni kwamba walioanza kuwapima upya watoto hao na kuona kasoro walikuwa nao wanasaikolojia, weusi wa eneo la San Francisco. Taaluma iliumiza, na taaluma ikatetea. Sasa fikiria kipimo kilichotungwa ng'ambo, kinapewa kwa Kiingereza mtoto wa Turkana au wa Tana River. Alama itakayotoka itapigwa muhuri wa serikali, na muhuri haufutiki kwa mate.

Marekani hiyohiyo ina wiki maalumu kila Novemba ya kuwaenzi wanasaikolojia wa shule. Ni jambo jema, lakini sherehe siyo iliyowaingiza shuleni kwa wingi. Kilichosaidia sana ni sheria ya 1975 iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma na ya kupimwa mahitaji yake. Haki ilikuwa ya mtoto, ajira ikafuata. Sisi tunataka kuanzia kwenye kitambulisho cha mtaalamu, tukitumaini mtoto atafaidika njiani.

Kwa hiyo nikiulizwa, ningemtambua mwanasaikolojia, ndiyo, ila si kwa kumtawanya mmoja mmoja shuleni ambako hatatosha. Awekwe katika kaunti ndogo, karibu na EARC, azunguke, apime kwa lugha ya mtoto, na apokee kesi zinazomshinda mwalimu. Huyo mwalimu naye ajulikane kisheria kwa anachokifanya tayari: apunguziwe vipindi, aondolewe kwenye kamati ya nidhamu, apewe chumba chenye mlango unaofungika. Siri yake iwe na mpaka ulioandikwa, kwani mpaka mmoja tayari upo. Waraka wa TSC Na. 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua mwanafunzi amenajisiwa aripoti ndani ya saa 24. Mwanafunzi aambiwe hilo kabla hajafungua mdomo. Nadhani bajeti ya yote haya itakuwa ndogo kuliko ile ya kuajiri mtaalamu kila shule, na mengine hayahitaji hata shilingi.

Nilimweleza mkuu wa shule mmoja mpango huu tukinywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo mwanasaikolojia atakuwa chini ya nani? Akiwa chini yangu, alisema, wiki ya kwanza nitampa zamu, ya pili nitampa vipindi vya Kiingereza maana nina upungufu. Nikamwambia atakuwa chini ya ofisi ya kaunti ndogo. Akacheka. "Basi aje na chumba chake kutoka hukohuko."