Imam Ghazali hakuwa mtu wa zikri tu

Jumamosi tulikuwa na hitima ya shangazi yetu, Ilala. Pilau limeshaliwa, wazee wamehamia barazani na kahawa yao, sisi wengine tumebaki mkekani. Mpwa wangu, yuko chuo kikuu sasa, akanisogezea simu. “Mjomba, hebu msikilize huyu.” Klipu ya dakika mbili, zile zinazozunguka kwenye magrupu. Mhubiri anawaambia vijana waachane na Ihyaa, kile kitabu kikubwa cha Imam Ghazali, kwa sababu aliyeiandika ni sufi, na masufi ni watu waliokimbilia zikri, kulitajataja jina la Mungu, baada ya sharia kuwashinda.

Nikamuuliza yeye anaonaje.

“Mi naona kasema kweli, Mjomba. Hao fiqhi, hiyo elimu ya sharia, si hawakuwa nayo?”

Sikumjibu pale. Wafiwa walikuwepo na sauti yangu ingepanda. Nimekaa na neno lile siku tatu, halijashuka.

Mpwa wangu anaswali kwa madhehebu ya Shafi, kama baba yake, kama babu yake. Minhaji, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha miaka na miaka, ni cha Imam Nawawi, aliyefariki 1277. Nawawi alikifupisha kutoka kitabu cha fakihi wa kabla yake, Rafii. Rafii huyohuyo ndiye aliyeandika sharhi kubwa, yaani ufafanuzi, ya kitabu al-Wajiz. Na al-Wajiz ni ya nani? Ya Ghazali. Ameandika pia al-Basit na al-Wasit, vyote fiqhi ya Shafi. Fiqhi tunayoswalia imepita mikononi mwa mtu huyu, halafu mtoto wetu anaambiwa kwamba hakuwa nayo, naye anaamini.

Alizaliwa Tus, Khurasani, mwaka 1058. Alisoma kwa Imamu al-Haramayn Juwayni kule Nishapur mpaka sheikh wake alipofariki mwaka 1085. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamkalisha kwenye kiti cha ualimu cha Nizamiya, chuo cha Baghdad, akiwa na miaka 33 tu, na wanafunzi 300 mbele yake. Mwaka 1095 ulimi ukagoma. Anasimulia mwenyewe katika al-Munqidh, kitabu alichoeleza safari ya maisha yake: anajilazimisha kusomesha walau siku moja, neno halitoki, chakula hakishuki, matabibu wamekata tamaa wakisema ugonjwa umeanzia moyoni. Alikuwa ameipekua nia yake katika kusomesha, akakuta hasomeshi kwa ajili ya Mungu, anasomesha apate jina. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaondoka. Damascus alikuwa anapanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na bado inanitisha, maana hakuwa na kosa hata moja ambalo kadhi angemshika nalo.

Kama sharia ilimshinda, alirudi kufanya nini? Mwaka 1106 yuko Nishapur, anasomesha tena. Mwaka 1109, miaka miwili kabla ya kufa, anakamilisha al-Mustasfa, na hicho ni kitabu cha usuli fiqhi, misingi ya kutolea hukumu za sharia, hakina zikri hata moja. Hiyo ni baada ya mnara, baada ya Ihyaa.

Hadithi dhaifu, zile zisizothibiti kuwa ni za Mtume, zimo kwenye Ihyaa, nakubali, tena si chache. Lakini mwanachuoni wa hadithi, Zayn al-Din al-Iraqi, alizifuatilia moja baada ya nyingine, na chapa nyingi za Ihyaa zinaiweka kazi yake kwenye ukurasa uleule. Chini kabisa pana mstari mwembamba, kisha herufi ndogo: hii sahihi, hii dhaifu, hii asili yake sikuiona. Waliokipenda kitabu ndio waliokichapa pamoja na kasoro zake. Na kama mtu atanikumbusha kwamba Jerusalem ilianguka mikononi mwa wapiganaji wa msalaba mwaka 1099 na Ihyaa haisemi neno, hilo pia nakubali, na linaniuma.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na Ihyaa chapa ya Misri, karatasi za manjano, pembe zinamegeka ukizifunua kwa haraka. Alikuwa anafuata mstari kwa chelewa, hagusi karatasi kwa kidole. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi aliponisomea mahali fulani kwenye Kitabu cha Elimu, na ni hapo ndipo ningetaka yule mhubiri afike. Ghazali anasema utabibu ni faradhi ya kifaya, wajibu wa jamii nzima mpaka wapatikane wa kuutimiza, na miji mingapi haina tabibu wa Kiislamu hata mmoja, lakini hakuna anayeukimbilia. Wote wanasongamana kwenye fiqhi, hasa ile ya khitilafu na mabishano. Kisha anauliza kwa nini, na anajibu mwenyewe: utabibu haukufikishi kusimamia wakfu na wasia, wala kushika mali ya mayatima, wala kupewa ukadhi, wala kuwapiku wenzako.

Babu alisimamisha chelewa chini ya neno la mayatima. “Huyu hajasimama nje anawatupia mawe,” akaniambia. “Nyumba ni yake.”

Nadhani hilo ndilo linalowasumbua watu. Mafakihi, wanachuoni wa fiqhi, wa Cordoba kule Hispania waliunga mkono Ihyaa ichomwe, na hawakuichoma kwa sababu imeandikwa na mjinga. Mjinga wa sharia huwezi kumuogopa akikwambia nia yako imeoza. Unamwogopa aliyekuzidi kwenye usuli, aliyekalia kiti unachokitamani, akakiacha. Mtaani kwetu nawajua vijana wanaokesha kwenye simu wakibishana kuhusu maulidi na kunuti, ile dua ya ndani ya swala, hoja wamezihifadhi zote. Waulize mjane aliyeachwa na watoto anarithi nini, hawajui kwamba ni thumuni, sehemu moja ya nane. Na wajane tunao, wanatolewa majumbani na mashemeji huku sisi tunabishana. Hao ndio wanaihitaji fiqhi ya Ghazali, na wanahitaji mtu mwenye kumuogopa Mungu kama Ghazali aliyejifungia mnarani. Ukivitenganisha hivyo viwili, mjane hapati kitu.

Juzuu ya kwanza ninayo mimi tangu babu afariki. Ijumaa baada ya swala naipeleka Ilala, na chelewa nitakata njiani. Tutaanzia pale penye matabibu, mimi na mpwa wangu, na simu tutaiweka pembeni.