Bosi akiuza hisa zake huku, mpanga mizigo stoo anajua ndani ya siku 2

Jana mchana nimekaa na kahawa yangu nikafungua simu, nikaona bosi mkubwa kabisa wa kampuni ninayofanyia kazi hapa Denver ametumia opsheni zake na siku hiyohiyo kauza hisa zote alizopata. Tarehe ipo, bei aliyonunulia ipo, bei aliyouzia ipo, hisa zilizobaki mkononi kwake zipo. Mimi napanga mizigo stoo, cheo sina, ila nimeona kilekile anachokiona tajiri wa New York, bure, bila kumpigia mtu simu. Nimefurahi sana aisee, nikaitupia kwenye grupu la ukoo, jibu la kwanza kutoka Dodoma: "umeanza kuringa wewe."

Siringi jamani. Ngoja niwaeleze kitu kinachonifurahisha ni nini.

Mabosi wa huku sehemu kubwa ya malipo yao ni hizi opsheni, yaani kampuni inampa haki ya kununua hisa zake kwa bei ya siku aliyopewa, hata ikipita miaka. Alipewa bei ikiwa dola 10, leo sokoni ni 50, yeye analipa 10 ileile. Na siku ya kuzitumia anachagua mwenyewe, sasa hapo ndo penye shida, maana yeye ndo anajua mambo ya ndani kabla ya watu wote. Akijua hesabu za robo mwaka zinakuja mbovu, anazitumia leo na kuuza leoleo, wewe uliyenunua upande wa pili unabaki na hasara yake. Akijua inakuja habari nzuri, anazitumia mapema bei ikiwa bado chini na hauzi, anazishika, kwa sababu ile tofauti ya bei siku anayozitumia inahesabika kama mshahara na kodi yake inaweza kufika asilimia 37, ila faida itakayozaliwa baada ya hapo akiivumilia zaidi ya mwaka inaingia kwenye kodi ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 20. Pesa nyingi sana hiyo kwa mtu mwenye mamilioni. Afu kulikuwa na wabaya zaidi, hao walikuwa wanarudisha tarehe nyuma. Zamani sheria iliwaruhusu kuripoti mpaka tarehe 10 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mtu anautazama mwezi mzima uliopita, anachagua siku ambayo bei ilishuka kuliko zote, anaandika nilizitumia siku ile, ili ile tofauti inayokatwa kodi kama mshahara iwe ndogo.

Najua kuna mtu tayari ameshaandika "Enron ilikuwa Uchagani?" Hapana kaka, ile kampuni ya nishati iliyofilisika 2001 baada ya kupika hesabu ilikuwa Texas, na sijasema popote kwamba Wamarekani ni malaika. Hapahapa Denver kulikuwa na kampuni ya simu inaitwa Qwest, mkuu wake Joseph Nacchio mwaka 2001 alikuwa anawaambia wawekezaji malengo ya mapato yatafikiwa huku ndani wenzake wanamwonya hayafikiki, na kipindi hicho anatumia opsheni na kuuza hisa, za dola kama milioni 52. Mwaka uliofuata hisa ya Qwest ikaporomoka mpaka karibu dola moja, wastaafu waliotunza akiba zao humo wakaumia vibaya. Lakini 2007 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) likamtia hatiani kwa makosa 19, akakata rufaa akashinda, ikageuzwa tena, na 2009 akaingia jela. Wezi wapo huku tena wakubwa kuliko wetu. Ninachokisifia mimi ni kwamba baada ya Enron wakabana, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 ikasema siku 2 za kazi, fomu ya bosi aliyenunua au kuuza iwe imefika tume ya masoko ya hisa ya huku (SEC) na kila mtu aione. Ukiwa na siku 2 tu kurudisha tarehe nyuma kunakuwa kugumu.

Sasa njooni nyumbani. Sisemi hatuna kitu, soko letu la hisa Dar linafanya biashara tangu 1998, sheria ya masoko ya mitaji ya 1994 inakataza kabisa kutumia taarifa za ndani, leo mama wa Majengo anayeuza nyanya ananunua hisa za benki kwa Hisa Kiganjani, ile huduma ya soko kwenye simu, bila kupanda basi, mi najivunia hilo na huwa nawaambia wazungu. Ila mkurugenzi wa kampuni ambayo hisa zake ninazo, ana ngapi, nakuja kuzikuta kwenye ripoti ya mwaka, mambo yameshapita. Wale mlionunua Voda kwa 850 mwaka 2017 mlikuwa mnaangalia bei tu, kama wa ndani wananunua au wanauza mngejuaje?

Na kwetu Dodoma taarifa za ndani haziko kwenye hisa, ziko kwenye ardhi, si mnajua wenyewe. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia, kuna watu walishajua Mtumba, ulipo sasa mji wa Serikali, itakuwa nini, barabara ya mzunguko inapita wapi, na walishanunua. Baba yangu mdogo aliuza shamba upande wa Ihumwa kwa mtu wa ofisini, sitaji ofisi gani, hakubishana bei hata kidogo, mzee akaona kapata mteja mstaarabu. Baada ya muda ramani zikatoka. Na mpaka leo kwenye vikao vya ukoo yule mnunuzi anasifiwa, eti mjanja, aliona mbali! Hakuona mbali, alioneshwa. Hiyo ndo inaniuma kuliko pesa yenyewe, kwamba tunampigia makofi mtu aliyetumia karatasi za wananchi kumnunua mwananchi.

Mtaniambia viongozi wanajaza tamko la mali kila mwaka. Ndiyo, linakwenda Sekretarieti ya Maadili, baba mdogo pale Ihumwa analifungulia kwenye simu gani?

Mwingine atasema wewe umekimbia nchi huna haki ya kuongea. Hisa za NMB ninazo, kiwanja Iyumbu ninacho, kodi ya ardhi nalipa, na nikizeeka narudi hukohuko kwenye vumbi na zabibu. Haki ninayo. Na ninachoomba hakihitaji bajeti: mkurugenzi wa kampuni iliyo sokoni akinunua au akiuza hisa zake, iingie Hisa Kiganjani ndani ya siku 2, jina, idadi, bei. CMSA, yaani mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, na soko wanaweza kuliandika hilo kwenye kanuni bila kusubiri mzungu. Na kama kuna mkurugenzi anaona ni usumbufu, ashike maiki kwenye mkutano mkuu wa wanahisa atuambie kwa nini.